Wa Kumi na Moja

Katika watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mchora lebo hayumo. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Anas bin Malik na kuhifadhiwa na Tirmidhi na Ibn Majah, inawataja mmoja mmoja: anayeikamua na anayeagiza ikamuliwe, anayeinywa, anayeibeba na anayepelekewa, anayewanywesha wengine, anayeiuza, anayekula fedha yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Niliifahamu nikiwa mtoto chuoni, Ngamiani, Tanga, na wakati huo ilikuwa habari ya watu wengine. Nilipoisoma tena ukubwani, nikiwa na leseni ya biashara ukutani, niliyapitia majina yale kama mwanafunzi anayelitafuta jina lake ubaoni, ila mimi niliomba nisilione.

Na kweli silioni. Naishi Arusha, nachora lebo na kubuni vifungashio. Wateja wangu wengi ni wasindikaji wadogo: asali, siagi ya karanga, unga wa lishe, achari, jamu, kahawa ya kusaga, viungo vya pilau. Wanafika na dumu la lita 20 na picha kwenye simu, wakitaka bidhaa yao ifanane na ile waliyoiona supamaketi. Nawapangia rangi na herufi, nawachagulia umbo la chupa na aina ya karatasi, nawakumbusha kwamba viambato, uzito halisi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi havina mjadala, nawatafutia mchapaji asiyewaibia wino. Bia haikuwa katika hesabu zangu. Kisha akaja kijana wa Kibosho.

Alikuwa amesomea sayansi ya chakula Morogoro na kurudi nyumbani na wazo. Kwao wanapika mbege kama majirani wote: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa, ulezi uliooteshwa husagwa na kupikwa uji, gome la msesewe hutia uchungu wake, kisha vyote hukutanishwa vichachuke pamoja. Mbege ina siku zake chache, ikizipita inakuwa siki. Yeye aliichuja, akaikatiza kuchachuka kwa kuipitisha kwenye moto wa kadiri, akaitia katika chupa za mililita 330. Sasa alitaka iingie kwenye hoteli za Moshi na Arusha, wanakofikia wageni wanaoshuka mlimani wakiwa na kiu na dola. Jina alikuwa nalo tayari, la marehemu baba yake, aliyekiacha kihamba, shamba la ukoo, ambako ndizi hizo zinakatwa.

Nilimwambia mapema kwamba mimi ni Muislamu. Akacheka, bila dharau.

“Dada, pombe napika mimi. Wewe utachora ndizi tu. Na ndizi nayo ni haramu?”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mawili niliyokuwa nayo. Jibu la kwanza ni la baadhi ya wenzangu wa kazi, Waislamu wazuri tu, wanaosema: kumi wametajwa, wewe hukutajwa, chora ule. Zama zile mvinyo ulikaa kwenye viriba na mitungi, na kiriba hakikuhitaji mbunifu. Jibu la pili ni la wanaofunga mlango kwa komeo: Sura ya Al-Maida imekataza kusaidiana katika dhambi, basi kila aliyegusa yumo. Jibu hili lina heshima zaidi, lakini lifuate uone linakokupeleka. Yumo mwenye kiwanda cha chupa, yumo fundi wa TANESCO aliyewasha umeme wa friji, yumo mkulima wa ulezi wa Kondoa ambaye hajui ulezi wake umeishia wapi. Ukifika mwisho wake hakuna Muislamu wa Kilimanjaro atakayeuza mkungu wa ndizi.

Nikampigia ami yangu, ambaye amesomesha Minhaj ya Imamu Nawawi tangu kabla sijazaliwa. Ami hapendi fatwa za simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu nyumbani, alinisikiliza, kisha badala ya kunijibu akaanza kunisomesha. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alionelea kwamba Muislamu aliyekodiwa na asiye Muislamu kumbebea pombe, ujira wake ni halali. Kubeba si kunywa, na kati ya mzigo kufika na mtu kulewa amesimama binadamu mwenye hiari, anayeweza hata kuimwaga. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaibani, waliuchukia ujira huo, maana mbebaji ametajwa kwa jina lake katika wale kumi. “Mwalimu kasema lake na wanafunzi wamesema lao,” ami aliniambia, “na sote tunawaombea rehema.”

Sisi wa pwani ni Mashafii, na mfano unaosomeshwa kwetu ni wa zabibu. Ukimuuzia zabibu mtu unayejua kwamba ataifanya mvinyo, umetenda dhambi. Ukimshuku tu, ni makuruhu. Hata hivyo mauzo yenyewe yamesimama: fedha ni yako, zabibu ni zake, na hesabu yako iko kwa Mola wako. Nimeipenda siku zote tabia hii ya fikihi, ya kukataa kulitupa jambo zima kapuni kwa sababu sehemu yake imeoza. Mtu anaweza kuwa na mkataba sahihi na dhambi sahihi mkononi kwa wakati mmoja.

Lakini nilivyozidi kuwafikiria, mbebaji na muuza zabibu hawakunifaa. Mtungi ukibebwa na huyu au na yule, ndani ni kilekile, na mbebaji hafungui kinywa njia nzima. Zabibu hazimbembelezi mtu azikamue. Mimi kazi yangu ni kusema. Nalipwa ili mgeni aliyesimama mbele ya friji ya hoteli, ambaye dakika moja iliyopita hakuijua bia hii, aiombe kwa jina. Yule binadamu mwenye hiari ambaye Abu Hanifa alimweka katikati ili kumwokoa mbebaji, mimi naajiriwa kwenda kuzungumza na hiari yake hiyohiyo.

Wapo wanaosema natia chumvi, kwamba lebo ni karatasi na kifungashio ni pambo. Hao wakumbuke viroba. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza, na kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, pombe kali katika vifuko vya plastiki ikawa marufuku Tanzania. Pombe yenyewe haikupigwa marufuku. Kinywaji kilekile, kutoka pipa lilelile, kiliendelea kuuzwa kwenye chupa. Kilichohukumiwa ni kifuko: kwamba kinazama katika mfuko wa shati la mwanafunzi na koti la bodaboda, kwamba kinanunulika kwa chenji, kwamba kikishanyonywa kinaishia mtaroni. Serikali yetu haina dini, lakini siku ile ilitamka jambo ambalo madrasa na seminari nyingi hazijalitamka, kwamba umbo la kifungashio ni tendo, na tendo hilo lina lawama ya peke yake, mbali na kilichomo. Mahali fulani yupo mwenzangu wa kazi aliyepima upana wa kifuko kile. Naamini alisema kwamba yeye anachora tu.

Upande wa pili wa mizani kuna kopo la kimea. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi vinauzwa Zanzibar na Dar es Salaam, wanakunywa watu wa swala tano, na sina neno navyo. Mteja mmoja, Muislamu, alitaka nimbunie kopo la namna hiyo. Maelezo yake yalikuwa kamili: herufi nzito za dhahabu, masuke ya shayiri kulia na kushoto, matone ya ubaridi, na povu jeupe linalofurika juu ya glasi. Ndani ya kopo kungekuwa na maji, kimea na sukari. Nilimwambia masuke nitachora, povu silichori.

Alikasirika, na alikuwa na hoja. Kinywaji chake ni halali, cheti cha halali anacho, na mimi namkatalia kwa sababu ya povu? Maji ya sabuni hayana povu? Wapo masheikh watakaomuunga mkono, na siwezi kumwonyesha aya inayonihusu. Ninachoweza kusema ni hiki: katika kazi ile, kila kitu kilichofanana na bia kingetoka kwenye kompyuta yangu. Mtengenezaji hakutia kilevi, mwenye duka hakuuza kilevi, mtoto wa darasa la nne anayelinunua hakunywa kilevi. Hamu ya bia, mkao wa kulishika kopo na fahari ya kuonekana nalo vingetengenezwa na mtu mmoja tu katika mnyororo mzima. Kama lebo haina sehemu yake katika mambo, basi pale hapakuwa na tatizo lolote. Mbona basi mteja alikuwa tayari kuongeza malipo ili lile povu liwepo?

Kwa hiyo nilishajua kwamba najihusisha. Sikujua najihusisha kama nani. Na jambo lililonifungua halikutoka kwa mwanazuoni, lilitoka kwa yule kijana wa Kibosho, akinieleza asili ya kinywaji chake ili nipate cha kuchora. Kwao, alisema, bibi yake akikaribisha wageni huonja kwanza mwenyewe, mbele ya macho yao, ndipo kata inapozunguka. Mgeni anaona kwamba mwenye nyumba amekinywa na bado amesimama. Nikamuuliza kwa nini hilo lisiwe ndiyo lebo. Akasema, “Bibi hawezi kwenda kila hoteli kuonja mbele ya Mjerumani.”

Hapo hasa ndipo kazi yangu ilipozaliwa. Kijijini hakuna anayehitaji lebo. Kila mtu anajua leo mbege imeiva kwa nani na nani alitia maji wiki iliyopita. Bidhaa inapovuka mto na kwenda kuuzwa kwa watu wasiomjua mpishi, lazima awepo atakayesimama badala ya yule bibi aseme: nimekiona, nimekionja, ndicho chenyewe. Lebo ni ushahidi, na mchora lebo ni shahidi wa kukodiwa. Sasa mimi, nisiyeweza kuigusa bia hiyo kwa ulimi, ningeandika kwa kauli ya nani kwamba ni laini na ina harufu ya ndizi mbivu? Uchungu wa msesewe ningeuchagulia rangi kwa kusimuliwa na muuzaji. Kushuhudia ulichosimuliwa na mwenye maslahi hakukubaliki mbele ya kadhi yeyote, wa zamani wala wa sasa.

Nikamkatalia, nikampa sababu zote mbili, ile ya zabibu na hii ya ushahidi. Ile ya kwanza aliipokea kwa adabu, kama mtu anavyopokea desturi ya ugenini. Ya pili aliielewa mara moja. Ni kijana Mkatoliki, na amri ya kutoshuhudia uongo aliikariri kabla ya darasa la kwanza.

Tatizo la sababu ya pili ni kwamba ukishaikubali haiishii kwenye bia. Nimeulizwa mara nyingi na Waislamu wenzangu, tena kwa sauti ya juu, kama nachora pombe. Hajanitokea hata mmoja wa kuniuliza kama asali niliyoiandikia kwamba ni ya Tabora imetoka Tabora.

Inasimuliwa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu, watu waione, na hapohapo likatoka lile tamko zito la kumtenga mdanganyifu na jamaa yetu. Nimelitafakari rundo lile kuliko mitungi yote ya mvinyo. Nafaka ilikuwa halali. Mvua haikuwa kosa la mtu. Muuzaji hakusema neno la uongo, na alipoulizwa alijibu kweli. Kilicholaumiwa ni mpangilio, kavu juu na mbichi chini. Kwa lugha ya ofisini kwangu, kilicholaumiwa ni dizaini.

Mfano wa pili ni wa mnyama wa mnada. Imekatazwa kumwacha ngamia au kondoo bila kumkama siku kadhaa ili kiwele kivimbe machoni mwa mnunuzi, na aliyeuziwa hivyo amepewa hiari ya siku tatu: akitaka abaki naye, asipotaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Nani atakayenipa hiari ya siku tatu kwa zile chupa za kitako kilichobonyea ndani, zinazoonekana kubwa mezani na kubeba kidogo? Kwa haki niseme kwamba si kila hewa ni hila. Hewa ya kwenye paketi ya viazi vya kukaanga ina kazi, inazuia visivunjike njiani. Lakini mtengenezaji anajua kwa hakika hewa yenye kazi inaishia wapi, na kiwele kinaanzia wapi. Katika karne ya 12 huko Sham, ash-Shaizari aliandika kitabu kizima cha kumwongoza mkaguzi wa soko, akizianika hila za mafundi kazi moja baada ya nyingine. Angekuwa hai leo angetenga mlango kwa ajili yetu, na ungekuwa mrefu.

Chukua asali, maana ndiyo inayonipa kazi nyingi kuliko zote. Asali ya miombo ya Tabora ina jina, na jina lina bei. Asali ya nyuki wadogo ina bei zaidi. Mtu anakuja na dumu alilonunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, naye anataka mzinga wa gogo kwenye lebo, mti wa mbuyu na mzee mwenye moshi mkononi. Mzinga huo hajawahi kuuona. Namuuliza umetundikwa kijiji gani, nani aliurina, ilichujwa wapi. Wengine wana majibu, na hao nafurahi kuwachorea mpaka miguu ya nyuki. Wengine wananiambia, “Dada, wewe dizaina au mkaguzi wa TBS?” Halafu wananionyesha jaribio la njiti ya kiberiti, kwamba ikichovywa katika asali halisi inawaka. Jaribio hilo linapima unyevu, halipimi uhalisi. Sharubati nzito ya sukari nayo itakuwashia njiti vizuri tu. Wakati huohuo yupo mama anayeleta asali yake safi iliyoganda, akiomba radhi, kwa kuwa wateja wamemwambia asali ikiganda ni sukari. Asali ya kweli huganda. Kumwandikia mama huyo sentensi moja ya kueleza hilo pembeni mwa chupa kumenipa raha kuliko nembo zozote nilizochora.

Ndiyo maana sikubaliani na watu wa zuhudi wanaotaka kila kitu kifungwe gazeti. Mtume alifundisha kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Asali halisi iliyotiwa katika chupa ya maji iliyookotwa, yenye kibandiko kilichopinda, inauzwa kwa bei ya dhuluma pembeni mwa sharubati iliyokaa katika chupa ya pembe sita. Pale mwongo ni sharubati, lakini na ile chupa ya maji haimtendei haki aliyeirina.

Kuhusu majina ya mahali, ajabu ni kwamba niliowaona makini kuliko wote ni wapika bia. Watawa wa Kitrapisti wa Ulaya walianzisha chama chao mwaka 1997, na alama yao ya pembe sita inatolewa kwa masharti yanayoeleweka: bidhaa itengenezwe ndani ya kuta za monasteri au jirani yake, watawa wenyewe waisimamie, na mapato yawe ya kuitunza jumuiya na kusaidia wahitaji. Alama hiyo haidai kwamba bia ni tamu. Mwaka 2021 bia ya Achel, ya Ubelgiji, iliipoteza kwa sababu watawa wa mwisho walikuwa wameondoka pale. Mitambo ilibaki na mapishi yalibaki, ila mashahidi hawakuwepo, na alama ikaondoka nao. Na huko Westvleteren, monasteri nyingine ya nchi hiyohiyo, kwa miaka mingi chupa zilitoka bila lebo kabisa, maelezo ya lazima yakiwa yamebanwa juu ya kizibo. Watu walipanga foleni ya magari kuzifuata. Mimi nisiyekunywa nawaonea wivu, na pia wananitia hofu kidogo, maana wamethibitisha kwamba shahidi akiaminika mbunifu hahitajiki.

Kanuni yangu basi imekuwa kwenda kuona na kuonja. Lakini nayo ina mahali inapokwama, na pale inapokwama ni pa kufisha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwenye unga, haina harufu ya kuaminika, ulimi hauijui. Yule bibi wa kata angeonja mbele ya wageni wake kwa nia safi kabisa na asijue kitu. Kwa hiyo siagi ya karanga na unga wa lishe sichori kwa kuonja. Nataka karatasi ya maabara yenye namba ya toleo, na toleo lijalo nataka nyingine. Hapo tena nakuwa nashuhudia kwa kusimuliwa, jambo lilelile nililomkatalia kijana. Tofauti niliyoishika ni kwamba msimulizi wa maabara hapati senti karanga zikiuzwa. Ni tofauti nyembamba. Sijapata nene kuliko hiyo.

Kijana nilimpa namba ya mwenzangu wa Moshi, Mlutheri, mchoraji hodari. Lebo ilitoka nzuri: jani la mgomba lililokunjwa, mlima kwa mbali, jina la baba kwa herufi za mkono. Nilipomweleza ami, aliuliza swali moja, “Namba ulimpa wewe?” Nikasema naam. Akaguna, akaniuliza bei ya vitunguu Arusha siku hizi.

Kisha mama wa kijana akataka lebo ya jamu. Ni jamu ya ndizi, anaipika mwenyewe, na nimekwenda Kibosho kuiona ikipikwa. Ndizi, sukari, maji ya limau na mikono safi. Nimeionja ikiwa moto na ikiwa imepoa. Ningeishuhudia mbele ya kadhi yeyote. Ila mtoto wake, aliyejifunza biashara haraka kuliko nilivyotegemea, anataka jamu na bia ziwe na nembo moja na jina moja, ziuziane. Mgeni akiipenda jamu asubuhi mezani, usiku aikumbuke bia. Nikamweleza mama kwamba jamu nitaichora kwa furaha, kwa sharti la kuipa jina lake yenyewe, mbali na la chupa zile. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia ahame kihamba.

“Mwanangu, huyo ni mume wangu. Kaburini limeandikwa hilo. Migomba hii kaipanda yeye. Sasa unataka jamu niiite nani?”

Nimempelekea majina mengine ya kuchagua. Ni mazuri, yanasomeka vizuri kwenye mfuniko, na yote nimeyatunga mezani kwangu Arusha. Kwa kipimo changu mwenyewe, cha lebo kusema kweli kuhusu chakula kilikotoka, la marehemu ndilo pekee lisilo la kubuni.